Ukiomba msamaha wa chanjo kwa ajili ya dini, andika imani yako mwenyewe

Kila mwaka ikikaribia Oktoba, sisi tunaofanya kazi kwenye hospitali na nyumba za wazee huku Marekani tunaanza kusumbuliwa na chanjo ya mafua, uchanjwe kabla ya tarehe fulani la sivyo utolewe kwenye ratiba, na hapohapo kwenye magrupu ya WhatsApp zinaanza kuzunguka zile barua za msamaha wa kidini, yaani za kuomba usichanjwe kwa sababu ya imani yako, za kukopi na kupesti. Mimi hizo barua nazipinga kabisa, na si kwamba naupinga msamaha wenyewe.

Msamaha ni haki yako. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri akutafutie njia kama imani yako inagongana na masharti ya kazi, labda iwe ni mzigo mkubwa kwake. Na tangu Juni 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Gerald Groff, yule mtu wa posta wa Pennsylvania aliyekataa kufanya kazi Jumapili, mwajiri hawezi tena kusingizia usumbufu mdogo mdogo. Wala si lazima dini yako yote iwe na msimamo huo. Papa Francis alihimiza watu wachanjwe korona, lakini Mkatoliki anayechomwa dhamiri na zile seli za maabara zinazohusishwa na utoaji mimba, zilizotumika kutengeneza au kupima baadhi ya chanjo, bado anaweza kuomba. Kinachoangaliwa ni kama anaamini kwa dhati.

Sasa hapo kwenye dhati ndo tunapoharibiana. Dada mmoja ninayefanya naye kazi alinionyesha barua yake, imejaa mistari ya Biblia, chini limetajwa kanisa la Texas ambalo hajawahi kulikanyaga, akaitwa HR akaulizwa tu imani yako inakukataza vipi, akaanza kuongelea madhara ya chanjo na serikali. Hofu yake naiheshimu, ila hiyo si dini, na sheria haiitambui. Wakamkataa. Aliyemfuata ni mama wa jikoni, amelelewa kwenye kanisa lisilotumia dawa, hata panadol hanywi, akakuta HR washachoka na barua zinazofanana akahojiwa kama mwizi. Hilo liliniuma sana.

Mwaka 2021 hospitali moja ya Arkansas iliwapa wafanyakazi waliokataa chanjo ya korona kwa kudai habari za seli hizo orodha ya dawa kama 30 hivi, Tylenol (panadol ya huku) imo, aspirini imo, wasaini kwamba hizo nazo hawatumii. Wengi walisema ni uonevu, mimi naona mwenye imani ya kweli hilo swali angekuwa na jibu lake. Na wachungaji wanaouza sahihi zao mtandaoni, nasema wazi, wanafanya dhambi.

Halafu ukikubaliwa usinune ukiambiwa uvae maski msimu mzima au uhamishwe wodi, wale wazee tunaowageuza kitandani mapafu yao hayawezi mafua na wao hawajaomba msamaha wowote.

Kwa hiyo andika kwa maneno yako, hata aya mbili za Kiingereza cha kuungaunga zinatosha. Ukikataliwa na unaona umeonewa, una siku 180 za kupeleka malalamiko EEOC, ile tume ya serikali inayoshughulikia ubaguzi kazini, majimbo mengi ni 300, na zinahesabiwa kuanzia siku uliyokataliwa, kwa hiyo kila imeili waliyokutumia itunze.