Shilingi 500 ni Bei ya Kitanda Tu

Kila ifikapo Oktoba, mzazi wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa na neno moja: komaa upate hosteli. Hoja yake ina namba. Hosteli za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bloku 20 zilizofunguliwa Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, zilipangiwa malipo ya shilingi 500 kwa siku. Mwambie mzazi huyohuyo kwamba mwanawe amepanga chumba mtaani jirani na chuo, Changanyikeni au Msewe, yeye anasikia geto: muziki mkubwa, wageni wa usiku, vipindi vilivyokosekana.

Naielewa hofu hiyo. Mwaka wa kwanza nililala hosteli, na ningemshauri mgeni wa Dar afanye hivyo akipata nafasi. Unaamka saa moja kasoro na saa moja uko kipindini. Diskasheni ya usiku kwenye vimbweta, zile meza na viti vya nje vya kusomea, ikiisha, unatembea dakika chache kati ya watu. Kwa msichana hilo si jambo dogo, maana njia ya kurudi mtaani saa tano usiku ina giza, na boda ya kila siku hailipiki. Binti wa kupanga peke yake mbali na chuo, mimi mwenyewe ningemzuia.

Lakini ile 500 imesifiwa kupita kiasi, kwa sababu ni bei ya kitanda tu. Mwanafunzi hali kitanda.

Hosteli hairuhusu kupika chumbani, na sababu yake ni ya msingi: hita moja kwenye soketi iliyochoka inaweza kuunguza bloku. Matokeo yake, kila kinachoingia mdomoni kinanunuliwa kimeshapikwa. Tuseme chai na chapati mbili ni 1,500, wali maharage mchana 2,000, usiku tena 2,000. Hiyo ni 5,500 kabla ya tunda au kipande cha samaki. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipanda mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na humo humo mna vocha, sabuni, fotokopi na mdogo wako anayeomba ya daftari nyumbani. Asiye na mkopo hana hata hiyo ya kugawa.

Sasa hamia mtaani. Watatu mnachukua chumba cha 90,000 kwa mwezi. Kila mmoja anatoa 30,000, yaani 1,000 kwa siku. Tofauti na hosteli ni shilingi 500, bei ya chapati moja. Halafu mnaweka sufuria jikoni: mchele kilo moja, maharage nusu kilo, nyanya, kitunguu, mafuta na gesi, tuseme jumla 6,000 kwa mchana na usiku. Kila mmoja 2,000. Ongeza chai na mkate wa 1,000 asubuhi, umekula siku nzima kwa 3,000. Umeokoa 2,500 kwenye chakula, umezidisha 500 kwenye kodi, na umeshiba kuliko yule wa sahani ya kupimiwa.

Hesabu hii ina sharti moja gumu: miguu. Desemba 2023 nauli ya daladala ya safari fupi ilipanda hadi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200, na ukipanga Mbezi au Tegeta ukapanda magari mawili, faida yote imeishia kwa konda. Ndiyo maana nasema Msewe, Changanyikeni, Survey, mahali unapoweza kutembea. Pia likizo ndefu unalipia chumba kitupu; miezi mitatu ni 90,000 kwa kila mmoja, huku mwenzako wa hosteli hadaiwi. Hilo ni pigo la kweli.

Kuhusu utulivu wa kusoma, waliolala hosteli wanajua kubebana, yaani kulala wawili kitanda kimoja. Kitanda kina jina lako, lakini mwenzako aliyekosa nafasi unamwacha alale wapi? Chumba kilichopangiwa wanne kinalala sita, na taa inazimwa mtu wa mwisho akitaka. Nilipohamia Msewe tulikuwa watatu, na tulijua nani ana zamu ya kupika na nani ananunua LUKU. Tuligombana pia, hasa juu ya vyombo. Lakini mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyetuita wanangu, na aliyechelewa kurudi aliulizwa kuliko alivyowahi kuulizwa na mlinzi yeyote wa geti.

Kinachowashinda wengi ni mlango wa kuingilia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, 540,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja, 90,000. Kwa watatu ni 210,000 kila mmoja, taslimu, wakati bumu, yaani fedha ya mkopo, la mwaka wa kwanza huenda halijaingia. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo mzazi mwenye uwezo wa kusaidia mara moja angesaidia. Kwa ile 2,500 inayobaki kila siku kwenye chakula, fedha hiyo inarudi ndani ya siku 84, kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza.