Mbele Kuzuri

Mavyaa wangu hatazami kitambaa mbele. Ukimpa kitu kilichoshonwa kwa mkono, uwe bintiye au mke wa liwali, atakipokea, atasema ahsante, kisha vidole vyake viwili vitakigeuza, kama mtu anayefunua shavu la samaki sokoni kuona kama wekundu upo. Ni Mwamu, mtu wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, fundi wa kofia za viua, zile zenye vijitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia moja ikala miezi. Mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa upande wa mbele.

Mimi nilijaribu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpelekea kitambaa cha sinia nilichokitarizi mawaridi. Mbele mawaridi, nyuma kiota cha kunguru: mafundo, nyuzi zimeruka kutoka ua hili hadi lile, na mahali pamoja unywele wangu. Akakigeuza. Akakitazama muda wa kutosha mtu kusoma Kulhuwallahu mara tatu. Akakirudisha, akakilaza mapajani, akasema kwa upole, "Mbele kuzuri."

Maneno hayo mawili yalininyima usingizi wiki nzima. Mume wangu akaniambia, "Lakini si kakusifu?" Wanaume.

Nikaapa nitatafuta mshono usio na nyuma. Na upo. Nimeupata kwenye simu, saa sita za usiku, mume anakoroma. Unaitwa mshono wa Holbein, na ukiutazama vizuri ni bandi tu, ile ile anayopiga fundi wa mtaani kabla ya kupitisha cherehani. Unapiga bandi ya kwenda: sindano inazama, inaibuka, inazama, hatua zote sawa, na baina ya hatua na hatua pengo la ukubwa ule ule. Ukifika mwisho unageuka, unarudi njia ile ile ukijaza mapengo. Safari ya boti ya Mokowe, ng'ambo ya Lamu, kwenda na kurudi. Ukimaliza, mstari umekamilika huku na huku, wala hakuna wa kukuambia upande upi ndio mbele.

Huyo Holbein mwenyewe hakushika sindano. Alikuwa mchoraji, Mjerumani, akiwachora watu wa jumba la Mfalme Henry wa 8 wa Uingereza. Picha aliyomchora Malkia Jane Seymour, mwaka 1536 hivi, iko Vienna mpaka leo, na ukiivuta karibu kwenye simu unaona ncha za mikono ya nguo yake zimejaa marembo meusi juu ya kitambaa cheupe, kama buibui limesimama kando ya kanzu. Ncha ya mkono inafunuka, ndani kunaonekana kama nje, ndiyo maana walihitaji mshono wa pande mbili. Nami nikajiambia: ikiwa malkia aliogopa watu kumwona nyuma ya mshono, mimi ni nani nisimwogope mavyaa?

Nikanunua uzi mweusi, ule wenye nyuzi sita ndani yake unaochambua mbili mbili, na kitambaa cheupe chenye miraba 14 kwa kila inchi, ili hata mimi niweze kuhesabu.

Sharti la kwanza, usifunge fundo. Mimi nimekuzwa kwa kufunga fundo na kukata uzi kwa meno; kuniambia nisifunge ni kama kuniambia nivuke barabara ya Digo Road macho nimefumba. Unaacha mkia wa uzi urefu wa kidole, mwishoni unaupenyeza chini ya hatua zilizokwisha kushonwa, unapotea humo. Sharti la pili, wakati wa kurudi sindano iibukie upande mmoja wa hatua ya zamani na izamie upande wa pili, kila mara vivyo hivyo, la sivyo mstari unatoka na meno kama msumeno. Wangu ulitoka msumeno siku mbili. Sharti la tatu ni kuhesabu, na hapo ndipo nilipofumua mpaka kitambaa kikaota ndevu. Ukiruka mraba mmoja wakati wa kwenda, hujui. Utajua wakati wa kurudi, sindano imefika, na pengo la kujaza halipo.

Siku ya tatu nilinyanyuka kwenda kuzima jiko, kitambaa kikanyanyuka nami. Nilikuwa nimekishona na dera. Nasema kwa fahari kwamba hata kwenye dera mstari ulitoka safi pande zote mbili.

Sasa niandike nini? Nilitaka KARIBU MAMA YETU MPENDWA. Lakini mshono huu unataka mistari, na R na B zina matumbo. Tena herufi haziwezi kukaa mbali mbali, kwa sababu uzi ukiruka kutoka hii hadi ile, mruko unaonekana nyuma, na nyuma ndiko anakoishi mavyaa. Ikabidi herufi zote zisimame juu ya mstari mmoja kama majahazi gatini, uzi ukipita chini, ukipanda herufi, ukishuka, ukiendelea. Nikapunguza maneno, nikapunguza, nikabaki na neno moja analolipenda kuliko wanawe: AMU. Herufi tatu. A ya kichwa bapa kama mlango, M, na U kama kikombe. Tena zote tatu kulia kwake ni kama kushoto kwake, kwa hiyo nikihesabu nusu nimeshajua nusu ya pili. Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka, nilifurahi.

Nilikigeuza kitambaa kile mara mia. Wallahi mara mia. Lakini nilikuwa natafuta mafundo, sikuwa nasoma.

Tukapanda basi alfajiri, tukafika Mokowe jua kali, tukavuka kwa boti. Nyumbani tukamkuta mavyaa kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, shavu limefungwa leso, limefura kama la mtu aliyeficha limau. Wifi yangu akaninong'oneza: magego mawili yameng'olewa Jumatatu, mama anaishi kwa uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Nusu ya mdomo ilijibu, nusu ilikuwa imelala.

Sikungoja hata maji. Nikatoa kitambaa. Akakikunjua, akaona AMU, na ile nusu ya mdomo iliyo hai ikatabasamu. "Umeiandika Amu!" Kisha vikaja vile vidole viwili. Mimi nikajinyoosha shingo kama jogoo anayetaka kuadhini. Geuza, mama. Geuza tu.

Akageuza.

"Hapana fundo," akasema.

Nikamtazama mume wangu.

"Hapana uzi uloruka." Akapitisha kidole juu ya mstari, polepole, taratibu, kidole cha mtu aliyetoboa viua miaka na miaka. Kikafika mwisho, kikarudi mwanzo. Kikasimama. Akakisogeza kitambaa usoni, akakisogeza mbali, akamwita wifi. "Ndoo unisomee. Mato yangu haya nayo."

Wifi akainama. Akasoma. Akanitazama mimi, akasoma tena.

"Uma," akasema.

"Nini?"

"Pameandikwa UMA, mama."

Na kweli pameandikwa UMA, kwa herufi zilizonyooka, hakuna hata moja iliyopinduka, A mlango, M, U kikombe, zimejipanga kutoka upande wa pili kama watu waliogeuziwa foleni. Lau ningeandika lile KARIBU, nyuma pangekuwa na machoro tu ya kigeni, mtu angesema ni urembo. Mimi nilichagua, kati ya maneno yote ya Kiswahili, neno ambalo nyuma yake ni amri.

Mavyaa akaweka kiganja juu ya leso, kwenye shavu.

"Mwanangu," akasema, "niume na meno yapi?"

Mume wangu alikimbilia dakani, kwenye ukumbi wa mlango wa nje. Tulimsikia huko akipiga kuta, na mpita njia mmoja akiuliza kama kuna msiba. Mimi nikataka kuokoa hali, na ulimi wangu haujapata kuniokoa hata siku moja. "Si uma ya kuuma, mama! Ni uma... uma ule wa kulia chakula."

"Uma mmoja," wifi akasema, "kwa sinia la watu sita wanaokula kwa mkono."

Mavyaa alianza kucheka, akalishika shavu kwa sababu kucheka kulimuuma, maumivu yakamkumbusha neno, akacheka zaidi. Alikuwa analia machozi, wala sikujua ni ya upande gani. Kufikia magharibi wanawake wawili wa jirani walikuwa wamepita "kumjulia hali mgonjwa", na kila mmoja akaomba kuoneshwa kitambaa, kwanza nyuma.

Asubuhi yake sinia likaja la chai. Kitambaa changu kimelifunika, kimenyooshwa pembe kwa pembe, UMA juu. Chini yake mahamri moto, moshi bado unatoka, na bakuli la mbaazi. Mavyaa ana uji wake, kikombe mkononi. Hakukifunua kitambaa. Alinyoosha kidole hadi kwenye herufi, akanitazama mimi.

"Imeandikwa," akasema.

Nikafunua, nikachukua hamri, nikauma.