Kusoma fomu anajua, shida iko dirishani

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema wazee wengi hawanufaiki na bima ya afya kwa sababu fomu zinawashinda. Hapo sikubaliani naye. Mama yangu ana miaka 78, alifundisha hesabu maisha yake yote, na hizo fomu anazisoma vizuri kuliko mimi. Kinachomchosha ni kuzungushwa: daktari anaandika kipimo, bima wanataka kwanza watoe idhini, kisha dirishani anaambiwa fungu lake la matibabu ya nje (yasiyo ya kulazwa) limekwisha ingawa la kulazwa halijaguswa. Nani alimweleza kuwa ni mafungu mawili? Mimi humsindikiza na daftari moja tu: namba ya uanachama, tarehe, jina la kila aliyetuhudumia, na dawa zote kwa majina yake halisi, si ya kwenye boksi. Hilo la dawa tulijifunza kwa taabu. Madaktari wawili walimwandikia amlodipini ya presha, kila mmoja kwa jina tofauti la kibiashara, naye akawa anameza zote mbili hadi miguu ikavimba (sisi tukadhani ni moyo). Aliyegundua ni mfamasia, tena baada ya kumwagiwa vidonge vyote mezani. Jambo moja bado linanisumbua: nikipiga simu kumuulizia, bima hawazungumzi nami bila ridhaa yake ya maandishi, na kwa kweli wana haki. Wenzangu, ridhaa hiyo mliiandikisha mapema, au mzazi akiwa tayari kitandani?