Dagaa Mweusi alivyonipeleka kwenye dagaa

Jamani mimi kilichoniponza ni bando. Niko zangu Igombe kwa mjomba, sina kazi, nikakutana na video za Black Caviar, yule farasi jike wa Australia aliyekimbia mara 25 akashinda zote 25 mpaka anastaafu 2013. Nikaambiwa caviar ni mayai ya samaki, wanakula matajiri. Sasa mjomba ana punda jike mweusi wa kubebea maji, nikambatiza hapohapo Dagaa Mweusi, wana wakacheka, mmoja akasema punda wa kwao anamwacha mbali, basi ikawa ligi, kutoka kisimani hadi kwenye mwembe, dau kreti la soda.

Mimi najiona Luke Nolen kabisa, ndo alikuwa anampanda Black Caviar. Afu huyo Nolen ana kesi yake, 2012 kule Ascot Uingereza, Malkia yupo anaangalia, kashaongoza, zimebaki hatua chache akalegeza akijua imeisha, kumbe Moonlight Cloud wa Ufaransa anakuja kwa spidi, akaponea kwa kichwa tu, kichwa cha farasi namaanisha. Nilimcheka yule baba, narudisha video nyuma nacheka tena.

Zamu yangu sasa. Dagaa Mweusi alitoka kama anafukuzwa na mgambo, yule mwenzie hata kwato sizisikii. Mwembe ule pale, dogo ananirekodi, na mimi nikaachia kamba mkono mmoja nimpungie. Nikalegeza! Punda kuona kamba imelegea akajua tumefika, na kwake yeye kufika ni kwa mama mmoja pale mwaloni anayempa pumba kila asubuhi akishushwa madumu. Akakata kona kushoto, akapita katikati ya nyavu zilizoanikwa dagaa, akafika mlangoni akafunga breki, mimi nikapaa juu ya masikio yake nikatua kifudifudi kwenye fungu.

"We kijana, hizo unazolalia zina bei!"

"Shikamoo mama."

"Usinishikamoo, toka kwanza kwenye dagaa zangu!"

Nikalipa ndoo mbili na kreti juu. Mjomba alivyoletewa video akauliza kitu kimoja tu, punda kaumia? Punda mzima, anakula pumba. Mimi siku tatu nzima paka wa pale wananifuata hadi chooni.