Aliyebaki naye ana mwaka wake

Wiki mbili kabla ya kufunga mabegi, chuo nilichosoma kaskazini mwa Uingereza kilituita wanafunzi wa kigeni kwenye semina ya nusu siku. Mada ilikuwa namna ya kurudi nyumbani. Mtoa mada alichora ubaoni mstari wenye mabonde mawili. La kwanza, alisema, tulishalipita, ni lile la baridi na upweke. La pili linatusubiri kwetu. Tusishangae tukijiona wageni kwenye sebule zetu wenyewe, tusijilaumu, na tuwaombe ndugu watupe muda.

Nikarudi Dar es Salaam na neno hilo la mwisho nimelikumbatia kama hati ya kiwanja. Nipeni muda. Miezi minane imepita, na ninaona semina ile ilimbebesha deni mtu ambaye hakuwamo ukumbini.

Upande wa msafiri haupungukiwi na watetezi, na kwa kweli una hoja. Mwaka mmoja unatosha kumvuruga mtu. Kule nilikokuwa, mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na zangu nyingi ziliishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuwageuza vitandani usiku. Ukirudi unaulizwa, "Ulaya kukoje?" na kabla hujameza mate mazungumzo yameshahamia kwenye bei ya saruji. Ukifika kikaoni kwa wakati, unaambiwa umekuwa mzungu. Wengine hata hiari ya kurudi hawana: ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, unamtaka mnufaika arejee kwao na kukaa si chini ya miaka miwili. Haya yote ni kweli na yanauma.

Mchoro wa mabonde nao una asili yake. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norway, alichapisha matokeo ya mahojiano na Wanorway 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa wametulia. Waliozidisha miezi 18 nao walikuwa wametulia. Waliokuwa hoi ni wa katikati. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn wakaongeza bonde la pili, la kurudi.

Namba hizo za Lysgaard zimenikaa kichwani. Shahada ya uzamili ya Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja, maana yake mwanafunzi wetu anapandishwa ndege akiwa ndani kabisa ya ile miezi mibaya, 6 hadi 18, kabla hajapanda upande wa pili wa bonde. Anarudi na safari ambayo haijakwisha. Kwa muda mrefu nilijieleza hivyo, na ilinifariji. Halafu nikaanza kujiuliza ni kina nani wale 200. Wote ni watu waliobeba begi. Kwangu mimi peke yangu, aliyebeba begi ni mmoja, na waliobaki ni mke, watoto wawili, mama mkwe aliyehamia kutusaidia, na kwa mbali kidogo ukoo mzima ulioko Tanga. Ukimpigia kila msafiri hesabu ya namna hiyo, unaona mstari ule unachora watu wachache kuliko wanaoguswa na safari yenyewe. Mstari wa mke wangu ungekuwa na sura gani? Sidhani kama bonde lake liko kwenye kuondoka kwangu. Nahisi liko kwenye kurudi.

Nilipoondoka, kona ya dirishani pale sebuleni ilikuwa na meza yangu. Niliporudi meza iko stoo, na kwenye kona pana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku la kikoba. Mke wangu alijiunga miezi miwili baada ya safari yangu, kwa kuwa nilikuwa kwenye likizo bila malipo na ada ya shule haikujali likizo ya mtu. Hadi narudi alikuwa mweka hazina, na kikao cha kila Jumapili kinafanyika kwetu. Jumamosi yangu ya kwanza, kwa ari ya mtu anayejirudisha mahali pake, niliitoa meza stoo, nikalisukuma sanduku hadi ukumbi wa kuelekea chooni.

Kesho yake saa nne wakaanza kufika wanachama. Wa kwanza kuniona nimekaa na kompyuta alisimama mlangoni, kiatu kimoja ameshakivua.

"Karibu nyumbani shemeji," akasema. "Basi leo tukakae kwa mwenyekiti, wewe upumzike."

Mke wangu hakusema kitu. Alikwenda kulibeba sanduku mwenyewe, na niliposhika upande mmoja akasema, "Acha tu, Baba Watoto, nimezoea."

Jioni ile ungenihoji mimi, ningekujibu kwa lugha ya semina: nyumba imenigeuka, sina pa kukaa. Mahojiano yangeishia hapo, na mtafiti angeandika kwamba msafiri yuko bondeni. Lakini nani alikuwa ametolewa mahali pake siku ile? Kona ile ilikuwa ya mtu aliyeipata kwa mwaka mzima wa kupanga na kupangua hela isiyotosha. Mimi niliidai kwa hoja ya kwamba zamani ilikuwa yangu.

Na ipo mingine midogo midogo ambayo msafiri huiona kama ubaridi. Nilipoondoka Septemba, tofauti ya saa kati ya Dar na kule ilikuwa mbili. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakarudisha saa zao nyuma, ikawa tatu. Nikitoka maktaba saa kumi na mbili jioni, nyumbani ni saa tatu usiku. Kwa wiki kadhaa mama yao aliwaacha watoto macho wanisubiri, mpaka mwalimu alipolalamika kwamba mkubwa anasinzia darasani. Akaanza kuwalaza saa mbili. Mimi huku nikasema moyoni wameshanisahau. Kumbe kulikuwa na mtu anapima usingizi wa watoto na hamu ya baba yao, na kila upande atakaouchagua ataonekana mbaya.

Jambo lililonigeuza kabisa, lakini, lilitokea Tanga. Baba yangu mdogo alifariki Februari. Sikuambiwa mpaka Mei, nilipomaliza mitihani. Ndugu walifungua kundi jipya la WhatsApp lisilo na namba yangu, wakapangia humo mazishi, na katika kundi la zamani wakaendelea kunitumia salamu za Ijumaa kama kawaida. Nilikasirika sana nilipojua. Nikawaambia wamenidharau.

Niliporudi nikaenda Ngamiani kuhani. Mama mdogo nilimkuta nje, anachoma maandazi ya biashara. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, "Marahaba, mwanangu, umefika!" Kisha akaniona uso. Akaepua karai, akayakung'uta maandazi yaliyokuwa nusu, akavuta kanga iliyokuwa begani akajifunika kichwa. Tukaingia ndani. Akaketi mkekani na kuanza upya: alianza kukohoa lini, walimpeleka wapi, nani alimshika mkono. Nililia. Yeye akanibembeleza.

Arobaini ilikuwa imeshapita siku nyingi. Walikuwa wamemzika, wamesoma hitima, wamegawana nguo zake, na mwanamke huyu ameshaianza biashara ili apate kuamka asubuhi na kitu cha kufanya. Nikaja mimi na msiba wangu mbichi, ikabidi arudi nao mwanzo kwa ajili yangu. Wateja wawili walipiga hodi, wakaondoka. Hakuna mahali kwenye ule mchoro panapoonyesha mtu anayerudishwa bondeni na anayetoka uwanja wa ndege.

Na ile siri ya miezi mitatu? Bado nadhani walikosea kunificha. Mtu mzima ana haki ya kujua nani wake amekufa. Ila kuficha nako ni kazi, na waliifanya wao, kila Ijumaa, huku wakilia upande mwingine. Mimi pia nilificha. Niliwatumia picha za theluji na za mnara wa chuo; picha ya zamu ya usiku sikutuma hata moja. Halafu nikanuna nikisikia mtaani wanasema nilikuwa nakula bata. Walitoa wapi habari hizo kama si kwangu?

Kuhusu zawadi sitasema mengi, maana kila aliyerudi analalamikia "umetuletea nini?" Kwa waliomchangia nauli mtu, swali hilo lina haki kuliko tunavyokubali, na mara nyingi kipande cha sabuni chenye harufu ya mbali kinatosha kulijibu.

Nayaandika haya sasa kwa sababu hali hii inaongezeka. Tangu Januari 2024 Uingereza imewazuia wanafunzi wengi wa uzamili wa kozi za darasani kwenda na wenza na watoto; walioachiwa ni wa utafiti na wa ufadhili wa serikali. Maana yake nyumba zaidi zitakaa mwaka mmoja na pengo la mtu, zitajifunza kuishi nalo, kisha zitatakiwa kulifungua tena kwa siku moja. Waajiri wanaowapa watu ruhusa ya masomo wanaandaa barua ya kuripoti kazini. Vyuo vinaandaa semina. Kwa mke, mume au mama aliyebaki hakuna anayeandaa lolote, isipokuwa kumpa taarifa ya saa ya kutua ndege.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza naona ni wa anayeingia mlangoni. Akae kwanza, aulize nini kimehama na kwa nini, asiguse meza. Aliyebaki atampa huo muda anaoutaka, lakini auombe akijua unatoka mfukoni mwa nani.

Kuna kitu kimoja sikiachii upande wa nyumbani: nao wangeweza kuuliza vizuri zaidi. "Ulaya kukoje?" ni swali la kumaliza maongezi. Lililoyafungua liliulizwa na binti yangu wa darasa la pili, tunakula wali jioni, hata hakunitazama.

"Baba, huko ulikuwa unakula na nani?"

Nikamwambia peke yangu, chumbani, mara nyingi nimesimama. Akasogea kidogo kwenye mkeka. Mama yake akaacha kijiko, akauliza, "Umesimama kwa nini?"

Ndipo nikaanza kuwaeleza habari za zamu ya usiku.