Meli ya Mizigo Inayorusha Ndege za Vita: Nani Atalipia Hila Hiyo?

Kila baada ya muda wazo hili huibuka upya katika mijadala ya ulinzi. Chukua meli ya kawaida ya makontena, iache na rangi za kampuni ya usafirishaji, ipe bendera ya nchi isiyo na ugomvi na mtu, kisha ndani ya makontena ficha ndege za kivita zinazopaa wima, au droni zinazofyatuliwa kwa roketi. Usiku mmoja, mbali na pwani ya adui, makontena yanafunguka. Hakuna uwanja wa kulipuliwa, hakuna njia ya kurukia, hakuna manowari, yaani meli ya kivita, kubwa ya kuandamwa na setilaiti. Nchi ambayo haitamudu kamwe kujenga meli halisi ya kubeba ndege inajikuta na mkono mrefu.

Wanaolipigia debe wana historia upande wao, na ni haki tuwasikilize kwanza. Meli ya Ujerumani iliyoitwa Wolf, iliyokuwa ya mizigo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliondoka Kiel mwishoni mwa Novemba 1916 ikiwa na mizinga na torpedo, yaani makombora ya kupita majini, vilivyofichwa, pamoja na ndege moja ndogo ya kuelea majini ambayo mabaharia waliiita Wölfchen. Ndege hiyo ilishushwa majini kwa kreni, ikapaa juu ya mawimbi, na iliporudi ikapandishwa tena. Juni 1917, karibu na visiwa vya Kermadec kaskazini-mashariki mwa New Zealand, iliruka chini chini juu ya meli ya mizigo Wairuna na kudondosha ujumbe: msitumie redio, fuateni amri, la sivyo mtapigwa mabomu. Bomu moja likaanguka mbele ya meli ili pasiwe na shaka. Nahodha akatii. Wolf ilizunguka baharini siku 451 bila kutia nanga katika bandari ya kwao, kisha ikarejea Ujerumani Februari 1918. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, basi, jambo hili lilifanyika na likafaulu.

Ugumu wa kiufundi nao si ule ambao wengi huudhani. Kuirusha ndege kutoka meli ya biashara ni kazi nyepesi. Kasheshe ni kuirudisha. Mwaka 1941 Waingereza walifunga mitambo ya kufyatulia ndege kwenye meli 35 za mizigo ili kuzilinda na ndege za Ujerumani zilizokuwa zikizamisha misafara katika Atlantiki. Ndege moja ya kivita aina ya Hurricane ilikaa juu ya reli kwenye omo, mbele ya meli, na roketi zikaisukuma hewani. Rubani alipomaliza kupigana hakuwa na pa kutua. Kama nchi kavu ilikuwa mbali, aliruka kwa parachuti au akaitosa ndege baharini, akaomba Mungu aokotwe kabla baridi haijammaliza. Ndege moja, safari moja. Hesabu hiyo ilikubalika kwa sababu meli iliyozamishwa ilikuwa hasara kubwa kuliko Hurricane kuukuu.

Ndege zinazopaa wima zilionekana kama dawa ya tatizo hilo. Juni 1983 rubani kijana wa Uingereza, Ian Watson, alipotea njia karibu na Ureno, mafuta yakimwishia, akaitua Sea Harrier yake, ndege ya kivita ya kupaa wima, juu ya makontena ya meli ya Hispania iitwayo Alraigo. Ndege ikateleza kinyumenyume na kukalia gari dogo lililokuwa limefungwa sitahani, lakini rubani hakuumia na ndege ikafikishwa Tenerife. Picha zake bado hutumiwa kuthibitisha kwamba inawezekana. Ninachoona mimi katika picha zile ni ndege iliyotua mara moja na haikupaa tena kutoka pale. Ndege inayopaa wima lazima ipunguze mafuta na silaha ili iweze kujiinua, ndiyo maana hata manowari zilizojengewa Harrier zilizipa sitaha ya kukimbilia na mwinuko mbele. Moto wa injini huunguza sitaha isiyotayarishwa. Halafu kuna mafundi, vipuri, mabomu, mafuta ya ndege, yote ndani ya chombo ambacho hakikujengwa kustahimili kupigwa.

Atlantic Conveyor inalionyesha hilo kwa uchungu. Ilikuwa meli ya makontena ya Uingereza, ikachukuliwa na serikali mwaka 1982 kwa vita na Argentina juu ya visiwa vya Falklands. Makontena yalipangwa pembeni mwa sitaha kama ukuta wa kukinga ndege dhidi ya upepo na chumvi, na Harrier 14 zikafikishwa kusini salama, zikapaa kwenda kwenye manowari. Mei 25 makombora mawili ya Exocet yakaipata meli ile, ambayo haikuwa na kinga yake yenyewe. Watu 12 wakafa, nahodha Ian North akiwa mmoja wao, na helikopta za kubeba askari zikateketea pamoja na shehena. Askari wengi waliotarajia kubebwa wakavuka kisiwa kwa miguu.

Hata hivyo, ni lazima nikiri kwamba droni zimebadilisha hesabu. Droni ya kwenda bila kurudi haihitaji sitaha ya kutua. Juni 1, 2025 Ukraine ilizishambulia kambi za ndege ndani kabisa ya Urusi, ikisema ilitumia droni 117, zilizotoka kwenye vibanda vya mbao vilivyobebwa na malori. Yaliyowezekana kwa lori yanawezekana kwa meli, tena kwa wingi zaidi. Anayebeza wazo hili leo kwa sababu za kiufundi pekee amechelewa.

Pingamizi langu liko kwingine, liko kwenye bendera. Sheria ya vita vya baharini haikatazi hila zote. Kwa desturi ya muda mrefu manowari inaruhusiwa kupeperusha bendera ya uongo inapojongea au kukimbia, lakini ni lazima ionyeshe bendera yake ya kweli kabla ya kushambulia. Mkataba wa The Hague wa 1907 ukaongeza kwamba meli ya biashara iliyogeuzwa ya kivita iwe na alama za nje za manowari za nchi yake na iongozwe na ofisa wa serikali. Kanuni hizo zilitungwa wakati mizinga ilipiga adui aliyeonekana kwa macho. Ndege iliyorushwa kilomita 300 kutoka kwenye shabaha inaifanya bendera isiwe na maana: atakayepigwa haioni, na wanaoiona ni mabaharia wenyewe. Meli inaweza kutimiza sheria kwa dakika kumi katikati ya bahari tupu, kisha ikarudi kuwa ya mizigo.

Pwani yetu imewahi kushuhudia udanganyifu wa aina nyingine. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, ikijifanya ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwaletea Wajerumani makaa na risasi. Waingereza waliishambulia, lakini sehemu kubwa ya shehena iliokolewa. Hiyo ilikuwa hila ya kupenya, haikumpiga mtu chini ya bendera ya Denmark.

Linganisha na meli za mtego za Uingereza za vita hivyohivyo, zilizojifanya za mizigo ili nyambizi zijitokeze juu ya maji. Agosti 1915 Baralong iliisogelea nyambizi U-27 ikipeperusha bendera ya Marekani, ikaizamisha, na askari wake wakawaua Wajerumani waliokuwa wakijiokoa. Ujerumani ilililia tukio hilo kwa miaka. Kwa kamanda wa nyambizi, kuibuka na kuwapa mabaharia muda wa kushuka kwenye mashua kulikuwa kumegeuka hatari ya kufa, na hoja ya kupiga torpedo bila onyo ikapata nguvu.

Ndiyo maana Shahid Bagheri ya Iran haikunisumbua kwa namna hiyo. Nayo ilikuwa meli ya makontena, ikageuzwa ya kubeba droni na kukabidhiwa kwa jeshi Februari 2025, lakini sitaha yake na mwinuko wake vilionekana hadi angani. Aliyeiogopa alijua anaogopa nini. Itakapofyatuliwa droni ya kwanza kutoka kontena lililofichwa chini ya bendera ya mtu mwingine, kila nahodha wa meli ya mizigo atakayepita karibu na pwani ya nchi iliyopigwa atapaswa kuthibitisha kwamba hana kitu, mbele ya mtu mwenye kidole kwenye kitufe cha kombora. Anayependekeza meli hizi anapaswa kueleza nahodha huyo atathibitishaje.