Kibuyu cha Mwembe na Kijiti Chake

Jamani, kibuyu kinaota shambani bure. Kinakauka chenyewe, unakitoboa, unakung'uta mbegu, umepata chombo chenye tumbo na shingo. Umeme hakikutumia, msasa hakikuona. Sasa binadamu, kwa kukosa shida za kumtosha, akaamua kutengeneza kibuyu kutoka kwenye gogo. Tumbo liwe sentimita 18, mdomo sentimita 3, kuta milimita 5 tu, na uchimbaji wote upitie kwenye huo mdomo ambao hata mkono wa mtoto hauingii. Akishamaliza kulichimba shimo, analiziba kwa kifuniko! Na juu ya kifuniko anasimamisha kijiti cha mpingo chembamba kuliko cha mshikaki, anakiita kilele.

Wakerezaji wa Lamu, wale wanaochonga mti huku unazungushwa kwenye kerezo, wamekereza miguu ya vitanda vizazi kwa vizazi, na mguu wa kitanda kila mtu anajua kazi yake. Hiki hakilaliwi, hakipikiwi, hakishiki maji. Ni cha kutazama. Basi tukitazame vizuri, maana kina gharama.

Ugomvi unaanzia kwenye gogo. Mwembe ukianguka mtaani, mmoja anataka kuni, mwingine mkaa, mkerezaji anataka pande la kati lililonyooka, lisilo na fundo. Na hata hilo halitaki zima. Kiini cha mti, ile nukta ambako pete zote zimeanzia, hakitakiwi kabisa. Mti ukikauka husinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, na kwenye kiini ndiko ufa unakozaliwa. Ukikiacha kwenye kitako umejitengenezea chujio. Kwa hiyo gogo la kipenyo cha sentimita 45 linapasuliwa katikati, kiini kinaondolewa na sentimita mbili kila upande, na kila nusu inatoa pande moja la kukereza. Nusu mti kwa chombo kimoja! Mwenye kuni anakutazama kama mwizi, na safari hii ana haki.

Ncha za pande zipakwe nta au rangi ya mafuta siku hiyohiyo. Si kesho. Nchani maji hutoka haraka kuliko ubavuni, na ukilala na gogo tupu unaamka na nyota imechorwa juu yake. Halafu utomvu wa mwembe unawasha, kwa hiyo ukijikuna shingo usiwasingizie mbu.

Sasa kazi inafanywa mara mbili. Ndiyo, mara mbili. Kwanza unakikereza kikiwa kibichi, unakichimba, unaacha kuta nene: kadiri ya sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani karibu sentimita 2 kwa chombo hiki. Unakiviringisha kwenye magazeti na kukiweka kivulini, mbali na upepo. Mfuko wa plastiki usiutie, labda kama unafuga ukungu. Kila wiki unakipima kwenye mzani. Mwanzo uzito unashuka kama salio la simu, baadaye unashuka polepole, na ukisimama palepale wiki tatu au nne mfululizo, kimekauka. Hiyo ni miezi mitatu hadi sita. Katikati hapo kila anayeingia nyumbani atakifungua akidhani ni mkate.

Ukikitoa kimekuwa yai. Duara limekuwa duaradufu, kwa sababu ileile ya kusinyaa kusikolingana, na ndiyo maana uliacha sentimita 2: ukikirudisha kwenye kerezo upate nyama ya kukata mpaka duara lirudi. Aliyetaka kuokoa muda akaacha sentimita moja, sasa ana yai na hana la kukata.

Kushika nako ni habari yake. Chini ya kitako unaacha ulimi wa mviringo, kipenyo milimita 50, urefu milimita 8, wa kung'atwa na taya nne za kerezo. Ulimi usiguse sakafu ya taya. Kinachotakiwa kukaa ni bega lake, likalie sawasawa usoni pa taya pande zote. Ulimi ukigonga chini, bega linaning'inia, chombo kinayumba, na wewe unailaumu mashine. Ulimi nao umekuwa yai, kwa hiyo unakerezwa upya kabla ya lolote. Mwendo: kwa tumbo la inchi 7, mizunguko 500 kwa dakika ukiwa bado unaondoa mabonde, 900 hadi 1,000 likishakaa sawa. Anayeanza na 2,000 ili amalize mapema anamaliza mapema kweli, ila kilichomaliziwa ni dirisha.

Nje ni raha. Bobari kali, ile patasi yenye mfereji, maranda marefu yanaruka, mwenye kuku anasimama na gunia mlangoni. Ukaanguka kwenye raha hiyo ukasahau kwamba ndani ndiko kwenye kesi.

Kabla ya kuchimba mara ya pili, toboa katikati kwa keekee ya milimita 25 mpaka kina chako cha mwisho. Kina hicho kifungiwe utepe kwenye keekee, na hapa hesabu inaua watu. Chombo kina kimo cha sentimita 15 bila ulimi. Unataka sakafu ya sentimita moja. Toboa 14, basi. Lakini mtu anapima kutoka mdomoni hadi mwisho wa ulimi, anapata karibu 16, anatoboa 15, moyo mweupe. Siku ya kukata ulimi ndipo anagundua kwamba miezi sita yote alikuwa anatengeneza faneli.

Kuchimba kwenyewe hutumia vyuma viwili, kimoja kinyoofu na kingine kilichopinda shingo. Kile kilichopinda ndicho kinachofika chini ya mabega ya chombo, mahali ambapo jicho halifiki. Marekani, David Ellsworth alijipatia jina tangu miaka ya 1970 kwa vyombo vya kuta nyembamba vilivyochimbwa kupitia tundu dogo kwa vyuma vya namna hiyo, na tangu hapo watu wazima wanachimba wasichokiona, kwa hiari yao. Chuma cha nondo ya milimita 12 kikipita kiegemeo, pale kinapolalia ukikata, kwa sentimita 10 kinaanza kuimba. Kwa kina cha 14 tafuta cha milimita 19, na mpini mrefu wa kubana chini ya kwapa. Ncha iwe juu kidogo ya mstari wa katikati. Kidogo, kama milimita moja au mbili. Sababu ni kwamba chuma kikilemewa hushuka, na kikishukia kutoka hapo kinaelekea kwenye uwazi. Ukikiweka chini ya mstari kinazidi kuzama kwenye mti, kinanasa, na mpini unakupiga ubavuni kama una deni lake.

Kata kutoka katikati kwenda nje, maana nyuzi zimesimama wima na ukienda hivyo unazikata zikiwa zimeegemea wenzake. Na usichimbe shimo lote kwanza ukidhani utarudi kupunguza kuta. Hurudi. Malizia sentimita tatu za juu mpaka milimita 5, pima, shuka tatu nyingine, malizia, pima, shuka. Huku chini kukiwa bado kunene ndiko kunakoshikilia juu. Ukishapunguza chini halafu ukarudi juu na chuma, ukuta unatetemeka, unapiga kelele kama bata, na unaacha mistari ambayo hakuna msasa utakaoifuta.

Maranda yanakaa humo ndani. Mdomo ni sentimita 3, yatoke wapi? Kila baada ya nusu dakika unazima, unakipuliza au kuyakokoa kwa waya. Asiyezima, maranda yanajisokota kwenye chuma, yanajaa, chuma kinakosa pa kwenda, pu! Umeme ukikatika wakati chuma kiko ndani ni nafuu kidogo, angalau umepumzishwa. Ila chomoa chuma na zima swichi, maana ukirudi haubishi hodi.

Unene unapimwa kwa waya uliopindwa mfano wa herufi C yenye mkono mmoja ndani na mwingine nje: nafasi inayobaki kati ya waya na ukuta inakwambia umefika wapi. Sikio nalo linasaidia. Kuta zikiwa nene sauti ni nzito, zikipungua inapanda. Ikishaanza kupiga mluzi, acha. Tamaa ya milimita moja zaidi ndiyo iliyojaza majiko kuni za mwembe zenye umbo la bakuli. Na kidole kisiingie mdomoni mwa chombo kinachozunguka, hata kwa kupapasa kidogo tu. Kitambaa vilevile, mikono mirefu ya kanzu vilevile, mtandio vilevile. Kerezo haina heshima ya mavazi.

Kitako kinamaliziwa kwa kukigeuza: mdomo unavalishwa kwenye kipande cha mti kilichochongwa kuenea humo na kuvikwa ngozi laini, mkia wa kerezo, ile ncha ya upande wa pili inayokabili taya, unasukuma kitako taratibu, ulimi unakatwa mpaka kibaki kinundu cha kidole kidogo. Hicho unakiondoa kwa patasi ya mkono. Kitako kiwe na bonde kidogo katikati, la sivyo chombo kitatikisika mezani kama kina homa.

Haya, tuje kwenye kijiti.

Kijiti ni mpingo kwa sababu mwembe ukifika milimita 3 unakuwa biskuti. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, nyuzi zake zimebanana, unashika ncha na pete ndogondogo bila kumeguka. Ndiyo maana wenye zumari za kizungu, klarineti na obo, wanaufuata hadi Kilwa. Unatwaa kipande cha sentimita 2 kwa 2, urefu sentimita 12, chenye nyuzi zilizonyooka mwisho hadi mwisho. Tazama ubavuni: uzi ukitoka pembeni katikati ya safari, kijiti kitavunjikia hapohapo. Ile sehemu ya njano ya nje tupa. Na vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha ngozi na linabana kifua.

Kilele kinachoonekana kiwe kama sentimita 9 kwa chombo cha 15. Kikizidi hapo chombo kinafanana na redio yenye antena. Kasi 2,000 hadi 2,500, na unaanzia kwenye ncha, mbali na taya. Unachonga tone la ncha, unalipiga msasa, unalimaliza kabisa, ndipo unashuka kwenye shingo, kisha pete, kisha kidato cha chini. Nyuma kunabaki nene, kunashikilia. Mkia wa kerezo usisukume, kijiti kitapinda kama upinde. Kidole kimoja kikae nyuma yake, kigusie tu. Msasa nao uguse kidogo, namba 240 hadi 400, kwa sababu mpingo ukipata moto hupasuka nyufa za unywele. Kikifika milimita 3 shingoni, usihemee karibu.

Kitavunjika, hilo lipangie bajeti. Usikigundishe, kiungo kitaonekana hadi barabarani. Kifupishe, sema huo ndio muundo.

Mguu wa kijiti ni milimita 8, unaingia kwenye tundu la milimita 8 la kifuniko, na ubavuni unakwaruza kamfereji kembamba. Bila hako hewa inanaswa chini na kijiti kinapanda taratibu huku umegeuka kunywa chai. Mpingo una mafuta, ufute kwa spiriti kabla ya gundi. Koo la kifuniko lipungue nusu milimita kuliko mdomo: kilichobana vizuri wakati wa kaskazi, masika hakifunguki mpaka mpige magoti wawili. Na mnunuzi akikipeleka kwenye chumba cha kiyoyozi kinasinyaa upya, kesho yake anapiga simu kwamba kifuniko kinacheza.

Mafuta ya kitani makoti matatu, kila koti likauke kabla ya jingine. Matambara yake yatandazwe yakauke, yakirundikwa yanajichoma yenyewe, na utapata kesi ya moto kwa ajili ya chombo cha kutazama.

Sasa kiko mezani. Mama anaingia, anakizunguka, anakinyanyua kwa kukishika wapi? Kijiti. Fundi anakata pumzi. Anakirudisha salama, anakipiga kwa ukucha, anasikiliza.

"Kizuri, fundi. Cha kuwekea nini?"

"Cha kutazama, mama."

"Ahaa." Anakitazama. "Na hiki kijiti cha juu hakitoki? Maana hapo ningetia tangawizi."